Picha Iliyotumwa Lagos: Kimathi, Nyeri na Maadili ya Diplomasia ya Utamaduni

Makala hii inakusudia kuchunguza swali la kimaadili ambalo uhakiki wa fasihi ya Kenya umelipitia kwa mbali. Taifa linapoichukua kazi ya sanaa na kuipeleka ng'ambo ili iwe msemaji wake, linajitwika wajibu gani kwa watu ambao maisha yao ndiyo yaliyoizaa kazi hiyo? Kwa kawaida swali hili huachiwa wataalamu wa uhusiano wa kimataifa, nao hulijibu kwa lugha ya hasara na faida: taifa limepata marafiki wangapi, watalii wangapi, mikataba mingapi. Hatuna ugomvi na hesabu hizo. Hata hivyo mhakiki wa fasihi, ambaye kazi yake ni kuuliza nani anasema, anasema na nani na kwa niaba ya nani, hana budi kuona kwamba hesabu hizo huanza baada ya jambo kubwa zaidi kwisha kutendeka: mtu fulani amekwisha kusemewa.

Kwa diplomasia ya utamaduni tunamaanisha juhudi za serikali za kutumia sanaa, lugha, elimu, michezo na kumbukumbu za watu wake ili kujipatia heshima na urafiki miongoni mwa mataifa. Shabaha za juhudi hizo hubadilika na nyakati. Katika Kenya mabadiliko hayo yanaweza kufuatwa kwa uwazi usio wa kawaida katika mkasa wa mtu mmoja, Dedan Kimathi wa Nyeri, na katika tamthilia moja iliyomhusu.

Inafaa kwanza tukumbuke kwamba Nyeri ilikuwa jukwaa la wengine kabla haijawa jukwaa la Kenya. Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha Skauti, alihamia huko mwaka 1938, akafariki Januari 1941 na kuzikwa huko huko. Waitalia nao walijenga katika mji huo kanisa la kumbukumbu lenye mabaki ya askari wao waliofia utekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pamoja na kaburi la Mtawala wa Aosta aliyefariki Nairobi mwaka 1942. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alilala Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, na baba yake akafariki usiku huo. Hadithi ya msichana aliyepanda mti akiwa binti mfalme na kushuka akiwa malkia imesimuliwa duniani mara nyingi kuliko hadithi nyingine yoyote ya Nyeri. Katika masimulizi hayo yote mwenyeji hayumo. Na akiwemo, amebeba mzigo. Miezi minane tu baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na mwaka 1954 wapiganaji wa msituni waliiteketeza Treetops kwa moto. Ilijengwa upya mwaka 1957. Tungependa msomaji auchukulie moto ule pia kama tendo la uhakiki: ulikuwa jibu kwa simulizi iliyokuwa imewaacha nje wenye nchi.

Kimathi alizaliwa Tetu, Nyeri, mwaka 1920. Alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa mjini Nyeri mwezi uliofuata mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Shtaka lililomnyonga halikutaja vita wala uasi. Lilikuwa shtaka la kupatikana na bastola na risasi kinyume cha kanuni za hali ya hatari. Jambo hili linafaa kukumbukwa na kila asomaye The Trial of Dedan Kimathi, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo iliyochapishwa mwaka 1976, kwa maana ndilo lililowapa watunzi mwanya wao. Mahakama ilikataa kumsikiliza Kimathi kama mpiganaji. Watunzi wakamjengea mahakama nyingine ambamo angeweza kusema. Katika utangulizi wao wanaeleza jinsi walivyosafiri hadi Karunaini, kijijini kwa Kimathi, wakasikiliza watu waliomjua. Kwa hiyo kazi hii ilianzia kwa wenyeji: iliomba ruhusa ya simulizi kwa wale waliokuwa na haki ya kuitoa. Mĩcere mwenyewe alikuwa mtoto wa mlima huo huo, mzaliwa wa Baricho, Kirinyaga, mwaka 1942.

Tamthilia hiyo, pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, ndizo Kenya ilizozipeleka Lagos kuiwakilisha rasmi katika Tamasha la Pili la Dunia la Sanaa na Utamaduni wa Watu Weusi na Afrika, maarufu kama FESTAC, lililofanyika kuanzia tarehe 15 Januari hadi 12 Februari 1977. Tamasha la kwanza lilikuwa limefanyika Dakar mwaka 1966. Nigeria ilikuwa na fedha za mafuta na ilitaka kuwa mwenyeji wa watu weusi wote. Nchi zaidi ya hamsini zilihudhuria. (Nembo ya tamasha ilikuwa kinyago cha pembe cha Benin ambacho Jumba la Makumbusho la Uingereza lilikataa kukiazima, hata Waafrika wakalazimika kusherehekea utamaduni wao chini ya nakala.)

Kwa nini serikali ya Kenya ilimtuma Kimathi? Shabaha ya wakati ule si ngumu kuitambua. Angola na Msumbiji zilikuwa zimejikomboa kwa silaha miaka michache tu iliyopita, Zimbabwe ilikuwa vitani, na katika mabaraza ya Afrika heshima ya taifa ilipimwa kwa damu lililoimwaga dhidi ya ukoloni. Kenya ya mwaka 1977 ilikuwa ikikumbatia mtaji wa kigeni kwa mikono miwili, na ilihitaji kitu cha kuonyesha kwamba nayo iliwahi kupigana. Msitu wa Nyandarua ulikuwa ndio hati yake ya heshima. Hapo ndipo pana kitendawili ambacho makala hii inakizunguka: chama cha Mau Mau, kilichopigwa marufuku na wakoloni mwaka 1950, kilikuwa bado ni haramu kisheria nchini Kenya. Marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 2003. Kwa maneno mengine, taifa lilipeleka Lagos, kama johari lake, habari za kundi ambalo nyumbani kulikiri uanachama wake ni kosa.

Hata ukumbi haukupatikana kwa urahisi. Ngũgĩ ameeleza jinsi Jumba la Kitaifa la Maonyesho jijini Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1952 majuma machache tu baada ya kutangazwa hali ya hatari, lilivyozitengea tamthilia hizo mbili siku chache mno mwezi Oktoba 1976, kwa kuwa tarehe nzuri zilikuwa zimekwisha kutolewa kwa baleti kutoka Ufaransa na kwa komedia ya muziki ya kikundi cha Wazungu wa Nairobi. Kisa hiki husimuliwa kama mfano wa kasumba, na ni kweli. Lakini kitazamwe pia kwa jicho la mada yetu. Diplomasia ya utamaduni ya Ufaransa ilikuwa na nafasi Nairobi kuliko diplomasia ya utamaduni ya Kenya. Mgeni alijua anachotaka kutuambia. Sisi tulikuwa hatujaamua kama tunataka kujiambia sisi wenyewe kile tulichokuwa tukienda kuwaambia Wanigeria.

Hapa tamthilia ya Imbuga inatufaa zaidi kuliko wahakiki wengi walivyotambua. Katika nchi ya Kafira, Boss, mtawala asiyehojiwa, anatazamia ziara ya mkuu wa nchi ya kigeni. Kamati inaundwa kuandaa burudani. Inaamuliwa kwamba wafungwa wataigiza mchezo mbele ya mgeni, ili mgeni aone jinsi Kafira inavyowatunza hata wahalifu wake. Na Tumbo, aliyepewa kusimamia shindano la kuandika mchezo huo, anamtangaza Jusper kuwa mshindi pasipo shindano lolote na kuzifaidi fedha zake. Katika mazoezi Boss mwenyewe anajikuta amechukua nafasi ya mwigizaji asiyekuwepo, na silaha zilizodhaniwa kuwa za maigizo zinageuka za kweli. Sanaa iliyoagizwa kwa ajili ya macho ya mgeni inamrudia aliyeiagiza. Ni ajabu, na pengine ni heri, kwamba maofisa waliochagua kazi za kupeleka Lagos waliruhusu kazi inayowacheka maofisa wanaochagua kazi za kuwaonyesha wageni. Aidha hawakuisoma vizuri, au waliisoma wakaamini Kafira ni kwingine.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka huo huo wa 1977, mwezi Oktoba, Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ilianza kuonyeshwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ikiigizwa na wakulima na wafanyakazi kwa lugha ya Kikuyu. Kibali chake kilifutwa tarehe 16 Novemba. Siku ya mwisho ya mwaka, Ngũgĩ alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, hadi Desemba 1978. Mĩcere alikimbilia uhamishoni mwaka 1982, akapoteza uraia wake wa Kenya na kupewa hifadhi na uraia na Zimbabwe. Ngũgĩ aliishi ng'ambo miaka mingi na kufariki Marekani mwezi Mei 2025. Mĩcere alikuwa amemtangulia, naye huko huko, mwaka 2023. Watunzi wawili walioandika kauli rasmi ya taifa kwa Afrika nzima wamemalizia maisha yao katika nchi za wengine.

Tofauti kati ya Lagos na Limuru ni ya hadhira. Ukali wa maudhui haukupungua sana kati ya kazi hizo mbili. Kiingereza cha Lagos kilisema na mabalozi. Kikuyu cha Kamĩrĩĩthũ kilisema na mama aliyekuwa akichuma majani ya chai kwa ujira wa siku. Inaonekana ukweli ulikuwa halali kwa masharti ya kwamba wahusika wasiusikie.

Je, huu ni unafiki tu? Wapo watakaosema kwamba kila nyumba ina sebule na ina jiko, na kwamba hakuna ubaya mgeni kukaribishwa sebuleni. Hoja hii ina nguvu, na haifai kupuuzwa kwa jazba. Kuchagua si kusema uongo. Hakuna taifa linaloweza kupeleka kila kitu chake Lagos, na balozi anayeanza kwa kuorodhesha aibu za nyumbani kwao hatadumu kazini. Tena yafaa tuitendee haki hofu iliyokuwa nyuma ya ukimya wa serikali. Nyeri ya miaka ya hali ya hatari haikuwa kijiji cha mashujaa dhidi ya Wazungu. Ndugu alikuwa msituni na ndugu yake alikuwa askari wa ulinzi wa kijiji. Risasi iliyomwangusha Kimathi ilitoka kwenye bunduki ya askari Mkikuyu. Wazee watatu wa baraza waliomsaidia Jaji Mkuu katika kesi walikuwa Waafrika, nao wote walimwona ana hatia. Watoto wa pande zote mbili walisoma shule moja, wakaoana, wakarithi mashamba yaliyopakana. Kumsifu Kimathi Karatina au Othaya ni kutaja, kwa kutotaja, baba wa jirani. Ng'ambo hadithi haina jirani. Ndiyo maana inakuwa rahisi kuisimulia huko, na ndiyo maana usimulizi wa huko hauponyi kitu.

Kumbukumbu za kesi ya Kimathi, ambazo kwa miaka mingi zilidhaniwa kupotea, zilichapishwa mwaka 2017 zikihaririwa na Julie MacArthur. Mtu anayeonekana mle si yule wa jukwaani. Ni mgonjwa, amechoka, na anajitetea kwamba alikuwa njiani kujisalimisha kulingana na ahadi ya serikali yenyewe. Wako waliosikitika. Kwa maoni yetu mtu huyu hampunguzii Kimathi hadhi hata chembe, anamrudishia ubinadamu. Lakini anatuonyesha jinsi picha iliyosafiri ilivyolazimika kunyooshwa. Watunzi waliinyoosha kwa sababu ya itikadi yao, serikali ikaikubali kwa sababu ya haja zake, na kwa muda mfupi wa majuma manne Lagos, sababu hizo mbili zisizopatana zilivaa nguo moja.

Tofauti tunayoitafuta basi haimo kati ya kuonyesha yote na kuonyesha baadhi. Imo kati ya kuchagua kutoka katika kile kinachoruhusiwa kusemwa nyumbani, na kuuza nje kile ambacho mwenyewe amenyang'anywa. Mwenye nyumba anayemwonyesha mgeni sebule tu anatumia chake. Anayemwonyesha mgeni vyombo alivyomzuia mama yake asivitumie anafanya jambo jingine kabisa, hata kama vyombo ni vile vile na mgeni amefurahi.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii kwa kawaida hueleweka kwa chakula: akija mgeni, kuku huchinjwa, na wenyeji nao hula. Ndani yake mna kipimo cha diplomasia ya utamaduni kilicho bora kuliko hesabu za watalii. Je, mwenyeji amepona? Mwezi Julai 1990 Nelson Mandela alifika Nairobi, miezi mitano baada ya kutoka gerezani na siku chache tu baada ya ghasia za Saba Saba. Katika hotuba yake Kasarani alimtaja Kimathi na Jenerali China miongoni mwa wale ambao mfano wao ulimwangazia njia kama mshumaa katika miaka yake ya kifungo. Mwenyeji wake, serikali ya siku ile, hakuwa na sanamu ya kumwonyesha. Sanamu ya Kimathi iliyopo sasa Nairobi ilizinduliwa mwaka 2007, miaka hamsini kamili tangu anyongwe, wakati rais alikuwa Mwai Kibaki, mwana wa Othaya. Hatuwezi kupima ni kiasi gani maneno ya mgeni yalichangia. Twajua tu kwamba mgeni alisema mbele ya umati kile ambacho mwenyeji alikuwa akikisemea Lagos na kukimeza Nairobi. Tetu hiyo hiyo ilimtoa Wangari Maathai, aliyepigwa na polisi wa nchi yake kabla ya kutunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Baada ya hapo ndipo kila ubalozi wa Kenya ulipomkumbuka.

Tangu wakati huo shabaha zimebadilika tena. Sera ya mambo ya nje ya Kenya ya mwaka 2014 imeitaja diplomasia ya utamaduni kuwa moja ya nguzo zake tano, pamoja na uchumi, amani, mazingira na Wakenya waishio ng'ambo. Hili ni jambo la kushukuriwa, hasa kwa nafasi inayopewa Kiswahili. Lakini lugha imehama kutoka kwenye ukombozi kwenda kwenye soko. Utamaduni sasa ni rasilimali, shujaa ni kivutio, na mlima ni chapa. Hatari ya mwaka 1977 ilikuwa kwamba Kimathi asemwe nje na kunyamazishwa ndani. Hatari ya sasa ni kwamba anaweza kusemwa kila mahali pasipo kumgharimu msemaji chochote.

Uingereza nayo imebadili shabaha, na kwa njia inayotufedhehesha kidogo. Wazee waliofungua kesi London mwaka 2009 waliifanya serikali ya nchi hiyo, tarehe 6 Juni 2013, itamke majuto bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Mnara wa kuwakumbuka walioteswa ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, Septemba 2015, kwa fedha za serikali hiyo hiyo. Mfalme Charles alipozuru mwaka 2023 alisema kwamba ukatili ule hauna udhuru. Mtu anaweza kusema mengi juu ya uchache wa fedha zile na juu ya maneno yaliyochaguliwa kwa uangalifu wa mawakili. Linalotuhusu hapa ni mwendo wa picha yenyewe. Tulimpeleka Kimathi Lagos kama wetu. Miaka thelathini na minane baadaye tukaletewa kumbukumbu ya wenzake kama zawadi ya aliyewatesa.

Hata hivyo hatuafiki kwamba lingekuwa jambo bora kama tamthilia ile isingekwenda. Kauli inayotolewa mbele ya mashahidi ni ahadi, na mwenye kuahidi hawezi kuchagua nani amdai. Kenya ilisimama mbele ya Afrika ikasema: huyu ni mtu wetu, na mapambano yake ni msingi wetu. Tangu siku ile mjane wa Kimathi, Mukami, alikuwa na haki ya kuuliza kwa maneno ya taifa lenyewe, na aliuliza kwa muda mrefu, akitaka apewe mifupa ya mumewe aizike. Alifariki Mei 2023 bila kupewa.

Skauti wanaofika Nyeri kutoka nchi mbalimbali hulifikia kaburi la Baden-Powell bila shida. Juu ya jiwe lake pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya skauti yenye maana kwamba mwenye kuacha alama hiyo amekwenda nyumbani. Kimathi bado yuko mahali fulani katika ardhi ya gereza la Kamiti, pasipo alama, na mgeni atakayeuliza Nyeri alipozikwa mwenyeji maarufu kuliko wote itabidi aelekezwe huko.